Mwenye Pama la Kijivu

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi na nimezoea kuchekwa. Wengine huniambia ilikuwa malaria imenipanda kichwani. Malaria gani, jamani, inayomvunja mtu mzima vidole vya mkono? Mimi nilikuwako. Nilipigwa. Na aliyenipiga alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa.

Nililelewa na mjomba wangu Athumani, kaka yake mama, pale Malindi mjini, kwenye vichochoro vya mji wa kale. Alikuwa fundi wa nguo, na kwake ndiko nilikojifunza kushona na kupiga pasi kofia. Wakati ninaokuambia, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuachwa, nikarudi kukaa naye. Tulikuwa wawili tu nyumbani.

Mjomba alizipenda kofia za zamani, na nikisema alizipenda, nielewe vizuri. Chumba cha mbele, kile kinachofunguka barazani, kilijaa kofia kutoka sakafuni hadi darini. Kulikuwa na tarbushi nyekundu zenye shada jeusi. Kulikuwa na kofia za viua zilizoshonwa kwa mkono, na helmeti nyeupe walizovaa wazungu kabla ya uhuru, na kofia za wapiga ngoma ya beni, na mapama ya kila rangi. Zote za miaka ya hamsini au nyuma yake. Watalii wa Kitaliano walikuwa wakichungulia mlangoni wakitaka kununua, naye huwaambia kwa upole kwamba hapa si dukani.

Jioni wenzake walikuja kukaa barazani, naye akizitoa moja moja.

"Hii nilivaa lilipokuja gari la sinema," huwaambia. "Tulitandika mikeka uwanjani, picha ikaonyeshwa juu ya shuka. Na hii ilikuwa ya marehemu jirani yetu, aliyekuwa na santuri. Ijumaa akifungua madirisha yote mtaa mzima usikie. Enzi zile mtu akitoka kichwa wazi, aliulizwa kama kafiwa!"

Wazee wakicheka, wakiguna. "Zamani tamu, bwana." Nami nikiwapelekea kahawa, nikiamini kabisa kwamba nilichelewa kuzaliwa.

Siku moja tukasikia kwamba nje ya Kilifi kuna nyumba ya mzungu wa shamba la katani inabomolewa, na vyombo vyake vinauzwa uani. Mjomba akakodi gari, tukaenda. Palikuwa na makabati yaliyoliwa na mchwa, vitanda vya chuma, vioo vilivyopasuka. Chini ya meza akaona sanduku la bati, na ndani yake, peke yake, pama la kijivu. Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Kitambaa kizito, ukingo mpana, utepe mweusi. Juu ya utosi lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja, nao umeshonwa kwa uzi wa katani, kwa mshono mbaya wa mtu asiyejua sindano.

Mlinzi wa nyumba ile alikuwa Mgiriama wa makamo, jina lake Kahindi. Alitusaidia kubeba vitu hadi kwenye gari. Alipoliona pama mkononi mwa Mjomba, akasimama.

"Shikamoo, mzee. Hiyo waipeleka wapi?"

"Marahaba. Naipeleka nyumbani, Malindi."

"Iwache."

"Kwa nini niiwache?"

Kahindi akatazama kando, kule minazi inakoishia na mistari ya katani inakoanzia. "Ni ya nyapara. Watu walimwita Makamba. Hakuna aliyejua kwao. Baba yangu alifanya kazi chini yake, kabla ya uhuru. Yule alipiga watu, mzee. Hakupiga kama mtu aliyekasirika. Alipiga kama mtu anayekula."

"Na yuko wapi siku hizi?"

"Aliingia katanini mchana mmoja, hakutoka. Kofia ndiyo iliyookotwa njiani. Mzungu akaitia sandukuni, basi."

Mjomba akacheka, akampiga Kahindi begani kirafiki. "Kofia haina mikono, ndugu yangu." Kahindi hakucheka. Alibeba kila kitu kingine, lakini pama hakuligusa hata kwa kidole.

Kesho yake nililisafisha. Pama halifuliwi. Hupigwa brashi kwa maji kidogo, kisha likafukizwa mvuke likarudi umbo. Nilipoufuta ule ukanda wa ngozi wa ndani, unaogusa kipaji cha uso, kitambaa kilitoka chekundu. Nikabadili maji, nikafuta tena. Chekundu. Nikabadili mara nyingine, na nyingine. Mjomba akasema ni rangi ya ngozi ya kizamani inayotoka. Labda. Lakini rangi ya ngozi haivuti nzi, na jikoni mlijaa nzi wakitua ukingoni mwa beseni.

Lilipokauka akalivaa mbele ya kioo. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Mjomba, lakukaa vizuri."

Akageuka akanipiga ngumi ya mdomo.

Mtu huyu alikuwa hajawahi kunigusa hata kwa ufito. Nilianguka juu ya cherehani, nikasikia jino limetoboa mdomo. Naye akanisimamia, macho yake yametulia kama ya mtu anayesubiri chai, akasema kwa sauti nisiyoijua, "Wazungumza kabla hujaitwa?" Akainua mguu kunikanyaga. Nikajiviringisha, bega langu likampiga gotini, akapepesuka, pama likamdondoka. Hapo hapo akashika kichwa. Akaniona na damu.

"Mwanangu! Nani kakupiga? Nani huyo?"

Alilia aliposikia ni yeye. Nikamwomba tulichome. Akakataa, akasema ni joto limempiga kichwani, akalitundika kwenye msumari wa mwisho kule pembeni. Kupenda kitu kunaweza kumfunga mtu macho kiasi hicho.

Sasa sikiliza. Watu hudhani mambo haya huja usiku. Huyu alikuja mchana mweupe, baada ya adhuhuri, saa ambazo jua hulala juu ya mapaa na vichochoro vya Malindi havina hata paka. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nikipiga pasi kofia za harusi kwa pasi ya makaa. Mjomba amekaa kwenye kiti chake. Tukasikia, "Hodi."

"Karibu," akasema Mjomba.

Aliingia mwanamume mrefu. Shati kaki, kaptura kaki iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata kidole, soksi ndefu hadi magotini, viatu vya ngozi. Kichwa amekifunga kitambaa cheupe, kama mtu anayeumwa na kichwa. Umri wake sikuweza kuujua. Nilichokijua ni harufu. Je, umewahi kupita karibu na mashine ya kukamua katani? Ile harufu chachu ya majani yaliyosagwa na kuozea majini? Ndiyo iliyoingia naye. Na kwa joto lote lile, hakuwa na tone la jasho.

Akaketi. Nikampa kahawa, akakishika kikombe lakini hakunywa. Akazitazama kofia ukutani, akatabasamu.

"Nimesikia hapa pana mtu anayeipenda zamani."

Basi Mjomba akafunguka kama ua. Walizungumza, wallahi, kama ndugu waliopotezana. Mgeni aliyajua yote. Gari la sinema alilijua. Nyimbo za santuri alizijua, akazitia mdomoni kwa kupiga mluzi mwembamba. Siku za beni, watu waliovaa kama maofisa, mashindano ya kofia siku ya Iddi, yote. Mjomba alikuwa akipiga mapaja yake kwa furaha.

"Zamani tamu, bwana," akasema Mjomba.

"Tamu," akaitikia mgeni. "Watu walikuwa na adabu. Nikiita jina, mtu aitika. Asipoitika, namfundisha. Siku hizi naita, naita, hakuna aitikaye."

Mjomba akaacha kupiga mapaja. "Ulifanya kazi gani, bwana?"

"Kilifi. Katani." Akakiweka kikombe chini. "Wewe ulikuwa ukishona kofia. Watu wangu hawakuwa na kofia. Walikuwa na vichwa tu." Kisha akanyoosha mkono pembeni. "Nipe ile."

"Ile siuzi, ndugu yangu."

"Nani kasema nanunua?"

Akafungua kitambaa kichwani.

Naomba uniamini hapa, kwa sababu hapa ndipo watu huacha kuniamini. Utosi wake ulikuwa umepasuliwa kwa panga, kutoka katikati hadi karibu na nyusi, na pengo lile lilishonwa kwa uzi wa katani, mshono ule ule mbaya nilioushika kwa vidole vyangu. Katikati ya mshono nyuzi nyeupe zilikuwa zimechomoza kama nywele, nazo zilisogea zenyewe, polepole.

Akasimama, akalitungua pama, akalivaa. Likakaa sawasawa. Akavuta mjeledi kutoka kiunoni, kiboko cha ngozi kilichosokotwa, akausimamia mlango. Na akaanza kuita.

"Katana!"

Kutoka uani kwetu, mahali palipokuwa na mtungi na kamba ya nguo tu, sauti ya mwanamume ikajibu, "Naam!"

"Charo!"

"Naam!"

"Mwaringa!"

"Naam!" Sauti zilikuwa nyingi, za watu waliochoka, nyingine za watoto. Niliusikia ua umejaa miguu.

Kisha akamwelekea Mjomba. "Karisa!"

Mjomba wangu, Athumani mwana wa Malindi, ambaye hajawahi kukata jani moja la katani, akapiga magoti. Akasema, "Naam, bwana."

Mjeledi ukashuka.

Wa kwanza ulipasua kanzu. Wa pili ulipasua mgongo. Nilisikia sauti yake ikiingia nyamani, na sauti hiyo haifanani na kitu kingine chochote. Mjomba hakujikinga. Alikuwa ameinama, mikono chini, kama aliyezoea. Kila pigo Makamba alisema jina, "Karisa. Karisa," taratibu, bila hasira. Nikakumbuka maneno ya Kahindi. Alikuwa anakula.

Nikamrukia. Nilimng'ata mkono kwa meno yangu yote, na mdomo wangu ukajaa nyuzi. Wallahi hapakuwa na nyama pale wala damu, nyuzi kavu tu za katani, zikanisonga kooni. Akanitikisa kama anavyotikisa mtu kitambaa. Mjeledi ukanikata kutoka begani hadi kiunoni, nikaanguka juu ya kofia.

"Mshike," akamwambia Mjomba.

Na Mjomba akanishika. Hili ndilo nisilopenda kulisimulia. Aliinuka na damu yake, macho yamekauka, akaniminya mikono nyuma kwa nguvu nisiyomjua nayo, akaniinamisha. "Samehe," alinong'ona sikioni mwangu, "samehe, tukikataa atatupiga wote." Hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na mtu mwingine, wa siku nyingine.

Nilipigwa hapo mpaka nikaacha kulia. Kisha Makamba akauona mkono wa kulia wa Mjomba, ule wa sindano, umeshika mkono wangu. Akasema, "Mkono huu ndio." Akaubandua kwangu, akaulaza juu ya meza ya pasi, akavikunja vidole nyuma, kimoja kimoja. Vilikuwa vikilia kama vijiti vya kuwashia moto. Mjomba akapiga ukelele, na ukelele ule ulikuwa wake mwenyewe.

Nikawa huru. Pasi ilikuwa pale pale mezani, makaa yake mekundu. Nikaishika kwa mikono miwili nikampiga nayo kichwani kwa nguvu zangu zote. Kifuniko kikafunguka, makaa yakamwagika juu ya pama na ndani ya kola ya shati lake.

Hakulia kama mtu. Ilikuwa sauti ya mashine iliyokwamwa na chuma. Pama lilishika moto, na nyuzi zile kichwani zikashika, na alipoinua mikono kujizima, mikono ikashika. Alijigonga ukutani huku na huku, kofia za Mjomba zikianguka na kuungua, tarbushi, helmeti, kofia za beni. Nikampiga tena. Nilimpiga usoni, na uso ukaingia ndani kama kikapu. Nikaendelea kupiga. Sijui nilipiga mara ngapi. Nakumbuka kwamba nilifurahi, na hilo lanitisha mpaka leo.

Mwisho akaushika ukingo wa pama linalowaka, akaliweka sawa kichwani kama mtu anayetoka nyumba ya jamaa zake, akafungua mlango, akaenda zake. Uani pakawa kimya.

Jirani yetu, Bi Rukia, alimwona akipita kichochoroni. Alidhani ni mtu amebeba chetezo cha ubani kichwani. Aliposikia harufu ya nguo zinazoungua ndipo akaja mbio na maji, akatukuta.

Polisi walisema ni wezi. Tuliwaacha waseme. Hospitalini muuguzi aliyenisafisha mgongo aliniuliza kama nimepigwa kwa kamba ya katani, kwa sababu alikuwa akichomoa nyuzi ndani ya nyama yangu kwa koleo. Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Mjomba alipoweza kusimama alitaka kwenda Kilifi. Tulimkuta Kahindi kwake, nyumba ya makuti nyuma ya barabara. Hakuuliza tumekuja kufanya nini. Mjomba akafungua shati, akamgeuzia mgongo. Kahindi akaweka kiganja chake pale, taratibu, akakiacha.

"Alikuita nani?" akauliza.

"Karisa," akajibu Mjomba.

Kahindi akakaa chini kwenye mchanga. "Karisa ni baba yangu," akasema. "Ndiye aliyempiga panga. Siku hiyo Makamba alikuwa amempiga ndugu yangu mdogo mpaka akafa, kwa sababu hakusikia jina lake likiitwa. Alikuwa na ugonjwa wa masikio, yule mtoto. Baba alimpiga moja tu la utosini. Wenzake baba wakamshona Makamba kichwa na kofia yake pamoja, ili asiinuke, wakamzika katanini. Asubuhi kofia ilikuwa njiani, nayo imeshonwa." Akamtazama Mjomba. "Baba alikufa kitandani kwake, mzee. Hakupata kupigwa kwa jambo hilo. Umepigwa wewe."

Nilidhani Mjomba atakasirika. Mimi nilikasirika. Lakini alimshika Kahindi mkono kwa ule wake wa kushoto, akasema, "Basi nieleze. Nieleze yote, kuanzia asubuhi yao inavyoanza." Tulikaa pale hadi jua likazama, na Kahindi akaeleza. Sitakueleza aliyoyasema. Ni yake.

Mjomba hakushona tena. Vidole vilipona vimepinda. Kofia zilizosalimika aliziacha Bi Rukia azigawe. Wenzake waliendelea kuja barazani kwa muda, wakimchokoza aseme habari za gari la sinema na santuri, naye hutazama mkono wake tu. Wakapungua. Kahindi ndiye aliyekuwa akija kutoka Kilifi, wakaketi wawili, mara nyingi bila kusema kitu. Siku Mjomba alipofariki, Kahindi aliingia kaburini pamoja na wanaume wetu kumpokea.

Mimi sijapona. Kovu la mgongoni hufunguka wakati wa kaskazi, na nikilikuna hutoka uzi mmoja mweupe, mfupi. Nauchoma. Mchana baada ya adhuhuri sikai karibu na mlango. Nafunga, naziba masikio kwa pamba, nalala kifudifudi mpaka alasiri. Kwa sababu bado anaita. Namsikia kichochoroni, mbali, halafu karibu, taratibu, bila hasira, anataja majina. Mengi ni ya wale wa uani, nao huitika maskini. Karisa hamtaji tena. Naona anaamini deni lile limelipwa.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Usivae kichwani kitu ambacho hujui kilitoka kichwani mwa nani. Na ukisikia mchana mweupe mtu usiyemwona anataja jina, liwe lako au lisiwe lako, nyamaza. Usiseme naam. Usigeuke. Hivi karibuni ameanza kuita jina jipya, kila siku hilo hilo, na hakuna anayeitika. Silitaji hapa, kwa sababu sijui wewe waitwa nani.